Je, Kaunti Jirani ni Kiunga cha Nairobi?

SWALI

Ndugu Mhariri,

Nimeishi Ongata Rongai kwa miaka kumi na mmoja, na kazi yangu ya uhasibu iko katikati ya jiji la Nairobi. Nyumbani kwetu Nyeri wazazi wangu huwaambia watu kwamba binti yao anaishi Nairobi, nami sijawahi kuwasahihisha. Kazini wenzangu huniita mtu wa dayaspora, kana kwamba kila asubuhi navuka bahari. Mwezi uliopita nilijaza fomu iliyouliza kaunti ninayoishi, nikaandika Nairobi, na karani akalikata jibu langu kwa kalamu nyekundu na kuandika Kajiado juu yake. Naomba unieleze: Kajiado ni kiunga cha Nairobi, au ni mahali pengine kabisa?

Msomaji wa Ongata Rongai

JIBU

Dada, karani huyo alifuata sheria, nao wazazi wako wanapokutaja kuwa mkazi wa Nairobi wanaeleza maisha yako yalivyo. Ndani ya swali lako mna maswali mawili, na mkanganyiko mwingi juu ya jambo hili hutokea pale ambapo moja linajibiwa kwa jibu la jingine.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha pwani, kiunga kilikuwa shamba la miti ya matunda lililo nje kidogo ya mji, palipokuwa na minazi na miembe ya watu wa mjini, na kutoka hapo neno likaja kulitaja eneo lote linalouzunguka mji. Hakuna kiunga kisicho na mji wake. Wako wanaopenda kusema kitongoji, na Wakenya wengi watalielewa neno hilo, lakini nchini Tanzania kitongoji ni sehemu ya kijiji inayotambuliwa kisheria na yenye mwenyekiti wake, kwa hiyo msomaji wetu wa Morogoro akisikia kwamba Rongai ni kitongoji cha Nairobi ataelewa jambo jingine. Hapa nitatumia kiunga, nikimaanisha mahali ambapo watu wanalala na kulea watoto huku riziki yao ya kila siku ikiwa katika mji ulio jirani.

Kaunti ni kitu cha aina nyingine. Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limeorodhesha kaunti 47, Kajiado ikiwa nambari 34 na Nairobi nambari 47, na tangu uchaguzi wa Machi 2013 kila moja ina gavana wake, bunge lake na bajeti yake. Hakuna kaunti iliyo chini ya kaunti nyingine. Kwa mtazamo wa sheria, basi, kauli kwamba Kajiado ni kiunga cha Nairobi haina maana yoyote, na ndiyo sababu fomu yako ilisahihishwa.

Lakini fomu haipandi matatu. Wiki mbili zilizopita nilikwenda steji ya Rongai saa kumi na moja kasorobo alfajiri, nikitaka kuyaona kwa macho yangu mambo ambayo wasomaji kadhaa wamekuwa wakiyaandika. Foleni ilikuwa imekwisha kufika kwenye vibanda vya mboga ambavyo vilikuwa bado vimefungwa. Mbele yangu alisimama mama aliyembeba mtoto mgongoni kwa blanketi, na kando yake msichana wa shule ya msingi aliyekuwa na soksi moja mguuni na nyingine mkononi; hiyo ya pili aliivaa tukiwa tumekwisha kuketi garini, kisha akalala akiwa ameegemeza kichwa dirishani. Makanga aligonga ubavu wa gari mara mbili tukaondoka. Mahali tulipovuka kutoka Kajiado kuingia Nairobi hapakuwa na abiria hata mmoja aliyeinua kichwa. Magari tuliyopishana nayo yakirudi Rongai yalikuwa na dereva, utingo na abiria wawili au watatu.

Kipimo ninachokiamini ndicho hicho: tazama magari ya alfajiri yanakwenda wapi yakiwa yamejaa, na yanarudi wapi yakiwa matupu. Kwa kipimo hicho Ongata Rongai ni kiunga cha Nairobi bila shaka, na vivyo hivyo Ngong, Kiserian, sehemu kubwa ya Kitengela, halafu Syokimau na Mlolongo katika Kaunti ya Machakos, pamoja na Ruaka, Kikuyu na Ruiru katika Kaunti ya Kiambu. Thika ni habari tofauti. Mji huo una viwanda na ajira zake tangu zamani, na asubuhi magari huingia Thika yakiwa yamejaa watu wanaokwenda kufanya kazi huko huko, hata kama wengine wengi wanapanda gari la 237 kwenda Nairobi. Athi River nayo ilikuwa na kiwanda cha nyama na cha saruji muda mrefu kabla ya watu wa Nairobi kwenda kutafuta ploti huko, kwa hiyo nasita kuiita kiunga cha mtu yeyote.

Hesabu ya watu inaonyesha jinsi viunga hivi vilivyokua. Mwaka 2009 Kajiado ilikuwa na watu 687,312. Mwaka 2019 walikuwa 1,117,840, ongezeko la zaidi ya asilimia 60 katika miaka kumi, wakati Nairobi yenyewe iliongezeka kwa takriban asilimia 40, kutoka 3,138,369 hadi 4,397,073. Ongata Rongai peke yake ilihesabiwa kuwa na watu 172,569, na Kitengela 154,436. Ikumbukwe pia kwamba katika sensa hiyo mtu alihesabiwa mahali alipolala usiku wa tarehe 24 Agosti, na siyo mahali anapofanyia kazi. Wewe, dada, kama ulilala kwako usiku huo, ulihesabiwa kuwa mtu wa Kajiado.

Hapo ndipo majibu yale mawili yanapogusa mfuko wako. Fedha ambazo serikali ya kitaifa hugawia kaunti hutegemea, pamoja na mambo mengine, idadi ya watu, kwa hiyo kulala kwako Rongai kunaiongezea Kajiado fungu. Ukienda mjini na gari lako, ada ya maegesho inaingia katika hazina ya Kaunti ya Nairobi. Mwenye nyumba unayopanga anadaiwa kodi ya ardhi na Kajiado. Maji, uzoaji taka, zahanati na barabara ndogo za mtaani kwako ni majukumu ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, na kaunti hiyo ni Kajiado, hata kama saa kumi na mbili za mchana wako unazitumia kwingine.

Nami naomba nikuulize swali ambalo halimo katika barua yako: umejiandikisha kupiga kura wapi? Wakazi wengi wa viunga niliozungumza nao walijiandikisha karibu na ofisi zao, au hata kijijini walikozaliwa, na hawajawahi kuhamisha kura zao. Mtu wa namna hiyo ananunua maji ya lori kila wiki, anaikwepa mitaro ya maji machafu kila jioni, na siku ya uchaguzi anakwenda kumchagua gavana ambaye hana mamlaka hata juu ya mtaro mmoja wa Rongai. Sheria inaruhusu kuhamisha kituo cha kupigia kura. Ningekuwa wewe, ningefanya hivyo kabla ya jambo jingine lolote.

SWALI

Mhariri,

Mara kwa mara nasoma magazetini kwamba Kajiado ni mahali pa kulala pa watu wa Nairobi. Mimi ni mfugaji, naishi karibu na Loitokitok, na nikitoka nje asubuhi nauona Mlima Kilimanjaro. Katika maisha yangu nimefika Nairobi labda mara sita. Naomba uwaeleze wasomaji wako kwamba na sisi pia ni Kajiado.

Msomaji wa Loitokitok

JIBU

Mzee wetu, barua yako imetaja kosa ambalo hata sisi waandishi tumelifanya, nami nakiri kwamba limepita katika kurasa hizi zaidi ya mara moja. Tunachukua miji minne au mitano iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya kaunti yenu, tunaipa jina la kaunti nzima, kisha tunaandika kama kwamba ardhi yote iliyobaki ni uwanja wa nyuma wa Nairobi.

Ukubwa peke yake ungetosha kutuonya. Kajiado ina karibu kilomita za mraba 21,900, ilhali Nairobi haizidi sana 700. Yaani ungeweza kuipanga Nairobi ndani ya Kajiado mara thelathini na bado ukabaki na nafasi. Ndani ya kaunti hiyo mna Ziwa Magadi na magadi yake, mna Hifadhi ya Amboseli, na mna mji wa Namanga ambako biashara na maongezi ya kila siku yanaelekea Tanzania zaidi kuliko Nairobi. Kwa kipimo cha magari ya alfajiri, Loitokitok haiwezi kuwa kiunga cha Nairobi. Ni hivyo hivyo kwa majirani wenu wa Kiambu: mkulima wa chai wa Limuru, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Githunguri na mkazi wa Lari wote wako katika kaunti ambayo watu huitaja kwa wepesi kuwa kiunga, lakini siku yao haianzi kwa kutafuta gari la kwenda mjini.

Uzembe huu wa maneno una madhara, na juu ya hili nitakaa kidogo. Ardhi ikishaitwa kiunga, mnunuzi huitazama kama ploti tu. Malisho ya Kitengela na nyanda za Kapiti yamekatwakatwa vipande, yakazungushiwa seng'enge na kuta za mawe, na njia ambazo nyumbu na pundamilia walizifuata kuingia na kutoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi zimebana mwaka hadi mwaka. Mbuga hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu. Upande wake wa kusini uliachwa wazi makusudi kwa sababu wanyama hawawezi kuishi mwaka mzima ndani ya eneo dogo namna hiyo. Nimesimama ng'ambo ya mto Mbagathi nikaona pundamilia wanne wakitembea kando ya ukuta mpya, mbele wakakuta kona, wakarudi walikotoka. Wafugaji wanakumbana na ukuta huo huo, wao na ng'ombe wao, hasa wakati wa kiangazi. Mipango ya matumizi ya ardhi katika kaunti yenu inapaswa kuandikwa kwa ajili ya aina mbili za maisha, ya steji na ya malisho, na itakuwa vigumu kuiandika vizuri ikiwa kila mtu, pamoja na maofisa, anaamini kwamba kaunti nzima ni kiunga.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Hapa Ruiru hatujui tunaanzia wapi na Nairobi inaishia wapi, kwa sababu nyumba zimeungana. Je, haingekuwa bora Nairobi iongezewe mipaka ili ituchukue sisi, Rongai na Syokimau, tuwe jiji moja lenye serikali moja?

Msomaji wa Ruiru

JIBU

Kaka, hoja yako ina nguvu, na historia inaiunga mkono kwa kiasi fulani. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, mahali ambapo Wamaasai walipaita kwa jina la maji yake baridi, na kila mara mji ulipofurika mipaka yake ilisogezwa. Upanuzi mkubwa wa mwisho ulifanyika mwaka 1963, ukaingiza maeneo kama Karen na Dagoretti ambayo kabla ya hapo yalikuwa nje ya jiji. Leo hakuna anayeuliza kama Karen ni Nairobi. Huenda mtu wa mwaka 1960 angeliuliza swali lako kuhusu Karen kwa maneno haya haya.

Hata hivyo tangu mwaka 2010 mambo yamekuwa magumu zaidi, na kwa maoni yangu ni vizuri yawe magumu. Kifungu cha 188 cha Katiba kinataka mpaka wa kaunti ubadilishwe tu baada ya tume huru iliyoundwa na Bunge kupendekeza hivyo, na pendekezo hilo liungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Maoni ya jamii zinazoguswa ni mojawapo ya mambo yanayopaswa kuzingatiwa. Sasa fikiria Kiambu ikiombwa kuiachia Ruiru, ambayo katika sensa ya 2019 ilikuwa na watu 490,120 kati ya 2,417,735 wa kaunti nzima. Ingekuwa inaombwa kutoa mmoja katika kila watu watano wake, pamoja na kodi ya majengo na leseni za biashara za mji wake mkubwa kuliko yote. Maseneta wa kaunti nyingine nao wangejiuliza ni mji gani wao utakaodaiwa kesho.

Sikubaliani na upanuzi, kwa sababu moja iliyo kubwa kuliko ugumu wa sheria. Idadi hiyo ya watu inaifanya Ruiru kuwa mji mkubwa kuliko Eldoret, iliyokuwa na watu 475,716, na mkubwa kuliko Kisumu, iliyokuwa na 397,957. Eldoret na Kisumu zinatambuliwa kuwa majiji. Ruiru, yenye watu wengi zaidi, bado inatajwa kama mahali unapopita ukielekea Thika. Ruiru ina jina lake tangu enzi za mashamba ya kahawa, na ndiko kwenye kituo cha utafiti kilichotoa aina ya kahawa inayoitwa Ruiru 11. Mashamba yale mengi sasa ni mitaa ya ghorofa. Mji wa ukubwa huo unahitaji mabomba ya maji taka, shule za umma za kutosha na mipango yake yenyewe. Ukimezwa na Nairobi utakuwa wadi chache za mwisho katika orodha ndefu. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, baada ya kurekebishwa mwaka 2019, inataka mji uwe na watu angalau 250,000, pamoja na masharti mengine, ndipo uweze kuwa jiji. Kwa idadi ya watu mmekwisha kupita kiwango hicho karibu mara mbili. Wasiwasi wangu ni kwamba mtu akizoea kuitwa wa kiungani huacha kudai vitu ambavyo mwenye mji hudai.

Wenzetu wa Uganda wanalijua jambo hili. Wilaya ya Wakiso inaizunguka Kampala karibu pande zote, na katika sensa ya mwaka 2014 tayari ilikuwa na watu 1,997,418 wakati Kampala ilikuwa na 1,507,080. Tukiendelea kukiita kiunga mahali penye watu wengi kuliko jiji lenyewe, neno letu litakuwa limechoka.

Lakini umesema kweli kwamba nyumba zimeungana, na yako mambo ambayo gavana mmoja hawezi kuyafanya peke yake. Usafiri ni la kwanza. Thika Road, iliyofunguliwa rasmi baada ya kupanuliwa mwaka 2012, inapita katika kaunti mbili, na msongamano haujui gavana. Mwaka 2017 iliundwa Mamlaka ya Usafiri ya Eneo la Jiji Kuu la Nairobi, NaMATA, kwa ajili ya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Hiyo ndiyo ramani rasmi iliyo karibu zaidi na ile uliyo nayo kichwani. Kifungu cha 189 cha Katiba nacho kinaruhusu serikali za kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja.

La pili ni maji, na hapa Nairobi ndiyo inayowategemea majirani. Sehemu kubwa ya maji ya jiji inatoka katika bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Murang'a, na ambalo likijaa lina takriban mita za ujazo milioni 70. Mengine yanatoka katika bwawa la Sasumua huko Nyandarua na bwawa la Ruiru lililo katika kaunti yenu ya Kiambu. Ndiyo kusema mkazi wa Nairobi anakunywa maji yanayobeba jina la Ruiru, huku baadhi ya wakazi wa Ruiru wakinunua maji kwa mtungi. Kama kuna jambo moja la kupigania kwa pamoja, siyo mpaka. Ni mkataba wa haki wa maji na maji taka kati ya kaunti hizi tano, wenye fedha, wenye tarehe, na wenye ofisi moja ambayo mwananchi anaweza kwenda kulalamika na akasikilizwa. Usafiri umepata mamlaka ya pamoja. Bomba la maji taka linastahili heshima hiyo hiyo.

SWALI

Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya umma huko Lang'ata lakini nalala Kiserian. Mwenzangu ameniambia kwamba posho yangu ya nyumba itapunguzwa kwa sababu naishi nje ya Nairobi. Je, ni kweli?

Msomaji wa Kiserian

JIBU

Mwalimu, si kweli. Posho ya nyumba ya watumishi wa umma hupangwa kwa madaraja ya maeneo, Nairobi ikiwa katika daraja la juu, na kinachoangaliwa ni kituo chako cha kazi. Mwalimu anayelala Lang'ata na kufundisha Kiserian ndiye atakayelipwa kwa daraja la Kiserian, ingawa pengine kodi anayolipa ni kubwa kuliko yako. Mtu akikuuliza tena, mwonyeshe barua iliyokupeleka katika shule unayofundisha sasa, na mahali pa makazi uandike Kiserian, Kaunti ya Kajiado, bila wasiwasi wowote.